Utetezi wa Nusu Saa ya Bwawani

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, na kwa kuwa ukuta ni wangu, nina haki ya kuwasema wanaolikalia. Wanajua kila kitu isipokuwa saa ya kurudi kwao. Jioni ile tulikuwa wanne. Kulikuwa na Hakimu, aliyebeba mafaili mahakamani hadi akastaafu na maneno yote ya pale. Kulikuwa na Dokta, mlinzi wa geti la zahanati. Wa tatu ni Ndoana, fundi redio, ambaye kila akifunga duka hupitia kwanza bwawani, kule walikokuwa wakichimba udongo wa matofali, akavua kambale kwa nusu saa, kisha ndiyo aje kwetu. Muuza kahawa simhesabu, maana yeye yupo kazini.

Ndoana alifika na mwanzi wake, ndoo yake, na sura ya mzazi aliyeitwa shuleni. Ndani ya ndoo hamkuwa na kitu, kama kawaida.

Ndoana: Leo nikirudi mikono mitupu, huu mwanzi unakuwa kuni. Mama watoto kasema, na yule akisema kasema.

Mimi: Kwani tangu uanze umepata wangapi?

Ndoana: Mmoja.

Dokta: Yule alikuwa mgonjwa.

Ndoana: Samaki ni samaki.

Dokta: Nilimwona kwa macho yangu. Alikuja mwenyewe kuomba msaada.

Hakimu aliweka kikombe chini na kukohoa kidogo. Akikohoa hivyo, jua kuna mtu anakwenda kuharibikiwa.

Hakimu: Tulia, kesi yako ina utetezi. Kosa lako ni kukubali kwamba ulikwenda kutafuta samaki. Nani kakwambia mvuvi anatafuta samaki?

Mimi: Si ndiyo kazi yenyewe?

Hakimu: Wewe shughulika na pancha zako. Ndoana, hebu tueleze. Ukifika pale bwawani, unapata nini?

Ndoana aliuzungusha mwanzi mikononi. Nilidhani atatania.

Ndoana: Kutwa nzima nasikiliza redio za watu zikikoroma. Pale hakuna anayeniita. Jua linashuka, kiboya kimetulia juu ya maji, nami nimetulia. Kikitikisika kidogo tu, moyo unaruka kama nilivyokuwa mtoto. Kikitulia, nao unatulia. Nikiinuka pale najiona mwepesi. Siku nikiikosa ile nusu saa, nagombana hata na bisibisi.

Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi. Ilikuwa kweli, na angeiacha hivyo ingemtosha. Lakini benchi letu halijawahi kuona kitu kizima likakiacha salama.

Dokta: Hiyo ni presha inashuka. Kitaalamu, joto la mwili linapita kwenye mwanzi, linashuka na uzi, linaingia majini.

Ndoana: Kama waya wa redio unaozikwa ardhini?

Dokta: Huo huo. Uchovu wako wote wanaupokea kambale. Unafikiri zile sharubu wamezitoa wapi? Wanazeeka badala yako.

Hakimu: Andika hiyo. Mimi naongeza: mtu anayevua kila jioni hawezi kumpiga mtu, hawezi kuiba, hawezi kuacha mke. Kila mahakama ingechimbiwa bwawa, kesi zingeisha zenyewe.

Mimi: Basi na zahanati zifungwe, wagonjwa wapewe ndoana.

Dokta: Zahanati usiiguse. Lazima pawe na geti.

Mimi: Na mahindi je?

Nilimchokoza kusudi. Ndoana ana mtindo wake: kila jioni huchota mahindi yaliyochemshwa nyumbani, akayamwaga majini kiganja baada ya kiganja, ati kambale wapazoee mahali. Wamepazoea. Wanakuja, wanashiba, wanaondoka, na ndoana hawaigusi.

Hakimu: Hayo ni gharama za matibabu. Usiyataje mpaka ukiulizwa. Sasa simama, tufanye mazoezi. Mimi ndiye mkeo. Samaki yuko wapi?

Ndoana: Mke wangu, samaki si hoja.

Hakimu: Usitetemeke. Hoja ni nini?

Ndoana: Hoja ni akili kupumzika. Binadamu anayefanya kazi kutwa nzima anahitaji nusu saa ya peke yake kando ya maji, bila kuitwa na mtu.

Hakimu: Tena, na kifua mbele.

Akarudia, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Hakimu alimpigia makofi. Na mtu mwingine naye akapiga makofi, nyuma ya kona ya kibanda.

Alikuwa mkewe. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na pini zilikuwa bado zimechomekwa kolani. Mkononi alikuwa na gurudumu la baiskeli ya mtoto, ameleta lizibwe. Mimi nilikuwa nimemwona tangu tulipokuwa kwenye habari ya sharubu za kambale. Sikusema kitu. Ukuta ni wangu, ndoa si yangu.

Mke: Za jioni, shemeji zangu.

Tukaitikia kwa adabu ya ghafla.

Mke: Nilikuja na maneno mengine kabisa, lakini Hakimu kanishinda. Dokta, hiyo presha inawashuka na wanawake?

Dokta: Shemeji, mwili ni mwili.

Mke: Na kupumzika akili, Hakimu?

Hakimu: Haki haibagui, shemeji.

Mke: Vizuri. Basi huu mwanzi hauchomwi.

Ndoana alishusha pumzi ndefu. Mkewe akaupokea mwanzi taratibu, akaujaribu uzito, akauweka begani.

Mke: Kesho cherehani naifunga mapema, nakwenda mimi. Mahindi si ninachemsha mwenyewe? Siku zote hizi nalisha familia mbili, na moja haijawahi hata kunisalimia. Nataka nikaone nyuso zao.

Hakimu: Shemeji, sisi tulikuwa tunazungumza kwa ujumla tu.

Mke: Na mimi ni wa kwenye huo ujumla. Baba watoto, kitu kimoja tu. Saa zile ndipo mama yako anapokunywa dawa. Zinakaa wapi?

Ndoana aligeuka. Akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Dokta, na Dokta akatazama viatu vyake. Mama anayezungumzwa ni mama mzazi wa Ndoana, na anaishi chumba cha pili kutoka kile anacholala mwanawe.

Mke hakungoja. Aliniwekea gurudumu miguuni, akasema atalipitia kesho akitoka bwawani, akaenda zake na mwanzi begani. Ndoana alibaki ameishika ndoo. Kisha akaiacha palepale, akamfuata haraka, akimwomba asimame amweleze.

Nikawageukia waliobaki, nikawauliza, kwao je, dawa zinakaa wapi. Hakimu akasema swali halijawasilishwa inavyopaswa. Dokta akanyoosha kikombe aongezewe kahawa, na muuza kahawa akaliinamisha birika mpaka mwisho, halikutoa hata tone.

Nashukuru hakuna aliyeniuliza mimi.