Kasimiri Kashindye na Ukurasa wa Kihispania

Jumatano, tarehe 12 Februari 1908, mvua ilinyesha Kwihara tangu alfajiri. Siku hiyo alizaliwa Kasimiri, mtoto wa tatu wa mzee Raymundi Kashindye. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwaka 1929 aliajiriwa mjini Tabora kuwa karani katika bohari ya asali na nta, na tarehe 8 Oktoba 1932 alifunga ndoa na Getruda Masolwa.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba mwaka jana. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 3 Juni 1956. Ameacha mjane, watoto wanne, Alois, Marcelina, Apolinaria na Justus, na wajukuu watatu.

Jana hapa msibani ilinong'onwa kwamba karatasi zake zichomwe kabla hajazikwa, kwa kuwa zina maneno yasiyojulikana. Mjane ameomba jambo hili lisomwe wazi.

Mwaka 1948 Padri Bernardo, Mhispania aliyenunua nta ya mishumaa kwa marehemu, alirudi kwao mgonjwa bila kuagana naye. Marehemu alitaka kumwandikia kwa lugha yake kwamba alimtafuta stesheni asimkute. Neno 'nilitafuta' lilimshinda: kwa 'mimi' herufi c huondoka, zikaja q na u, kwa wengine c hubaki ileile. Akajaza ukurasa: busqué, buscaste, buscó, yaani nilitafuta, ulitafuta, alitafuta, mstari kwa mstari. Kwa kuona haya kujifunza ukubwani, akauficha.

Getruda aliukuta chini ya mto wa kulalia. Akaona ni hirizi ya kumvuta mke wa pili.

“Unamwita nani humu?”

“Simwiti mtu. Najifunza.”

“Mwanafunzi gani analalia daftari?”

Getruda alihamia mtaa wa Mtendeni kwa kaka yake, Hilari, akasema harudi. Hilari akaupeleka ukurasa kwa Mwalimu Yahaya, mwandishi wa hirizi, ambaye aliugeuza mara mbili.

“Bwana Hilari, hii si kazi yetu. Sisi tukikosea tunaanza karatasi nyingine. Huyu amekata, amesahihisha, amekosea tena. Shemeji yako ni mwanafunzi kweli, tena mzito.”

Alipoelezwa hayo Getruda alicheka, lakini hakurudi. Hilari akamtumia Kasimiri habari hizo bohari.

Kesho yake asubuhi Kasimiri alifika Mtendeni, akamkabidhi mkewe kitabu cha Kihispania alichojifunzia, akaliandika neno lile mbele yake. Akakosea. Getruda akalinganisha herufi na kitabu, akachukua penseli, akalikata kwa mkono wake mwenyewe, kisha akarudi naye nyumbani. Maneno yasiyojulikana ndiyo hayo.

Mungu amjalie pumziko tulivu.