Kofia Nyekundu ya Mwadhama Hamo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kumtumikia Mfalme, Mwadhama Kadinali Hamo Thurlby, mshika muhuri wetu, anastaafu leo, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Sisi makarani wake wa Westminster tumechangia bata bukini na pipa la bia, nami nimepewa kazi ya kumsifu bila kumchosha.

Alianza kwa kuyeyusha nta ya mihuri, akaunguza vidole vyake na, mara moja, meza ya mkuu wake. Hata hivyo alipanda hadi uaskofu, kisha akawa mpatanishi wetu na Wafaransa. Sala yake ndefu ya kabla ya chakula ndiyo iliyoleta amani: Wafaransa walikubali masharti yote ili supu isipoe.

Baba Mtakatifu alipompa ukadinali, Mfalme alikasirika. Hakutaka mtumishi mwenye mabwana wawili, akapiga marufuku ile kofia nyekundu ya makadinali isivaliwe katika ardhi ya Uingereza. Mwadhama alitii. Ila kila safari ya Ufaransa aliivaa meli ikifika katikati ya bahari, na Nahodha Wymond wa Dover, mtu asiyeogopa cheo, alimpigia kelele: "Bado, Mwadhama! Maji haya ni ya Mfalme, rudisha sandukuni!" Naye alijibu: "Wewe endesha meli, Wymond, kichwa ni changu!" Wakati wa kurudi aliivua shingo upande, akashuka bandarini na upara wake.

Tulimcheka sana, kumbe lilimuuma. Mwezi uliopita alimwomba Mfalme zawadi moja ya kuagia. Hakutaka shamba wala dhahabu. Alitaka aivae kofia yake nyumbani, japo siku moja, kabla haijatundikwa juu ya kaburi lake, kama ilivyo desturi ya makadinali. Mfalme alichelewesha jibu hadi tukakata tamaa. Jana alikubali.

Asubuhi hii kofia imetolewa sandukuni. Panya wametafuna ukingo, na kwa vile uzee umempunguza Mwadhama, imemshukia hadi masikioni. Mimi niliyejiandaa kwa mzaha nilijikuta nimevua kofia yangu. Nahodha Wymond, aliyekuja kutoka Dover kwa ajili ya bata, alimtazama, akasema taratibu: "Haya, Mwadhama. Sasa vaa."

Asante kwa kutufundisha kazi na kutusitiri makosa. Kapumzike nyumbani, ule ushibe, na kofia usiivue. Atakayeuliza nani kakuruhusu, mtume kwetu.