Nyumba ya Depite Kule Leo

Saa moja asubuhi, Jumanne tarehe 18 Agosti 1964, waasi walimkamata depite Évariste Lofemba, mbunge wa Kisangani, nyumbani kwake, mtaa wa Tshopo. Shtaka lilisomwa mbele ya majirani: akiwa bungeni Léopoldville, mji ambao watu waliuita Leo, aliiuza sauti ya Kisangani akapewa villa huko. Saa tatu habari ilikuwa imefika mtaa wa Kabondo, kwenye benchi lililo mbele ya duka la Amuri, fundi wa kushona. Mji wa Kisangani ulikuwa na wiki mbili mikononi mwa waasi. Bunge lenyewe lilikuwa limefungwa tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Benchini walikuwepo Amuri, aliyeitwa Sentimita. Constant, fundi wa baiskeli, aliyeitwa Radio. Na Kasongo, tarishi wa zamani wa mahakama, aliyeitwa Juge, yaani hakimu. Mwanahamisi, muuza kahawa, alimimina. Benchi hilo lilikuwa na desturi yake: habari haiondoki na uzito ule ule iliokuja nao. Anayeipokea aongeze kitu kabla ya kuipitisha. Asiyeongeza huitwa bubu, na kikombe chake hujazwa mwisho.

— Bamemukamata na pyjama, Constant alisema.

— Pyjama ya hariri, Kasongo akasema.

— Juge, uliiona?

— Mutu wa villa analala na nini? Gunia?

— Villa ya vyumba nane, Constant alisema.

— Nane ilikuwa mwaka jana. Sasa iko kumi na mbili, na piscine.

— Piscine ya nini? Ule mutu alizaliwa hapa kwa mto na hajui kuogelea.

— Ndiyo sababu alijenga ya kwake, ajifunze polepole. Haraka haraka haina baraka.

Amuri hakucheka. Alikuwa akifumua mshono wa koti.

Mwanahamisi alishusha birika.

— Ninyi kila siku villa, villa. Kule bungeni alisema nini?

— Bon, sikiya, Constant alisema. Mwaka wa sitini na mbili gazeti ilikuja na boti. Iliandika: depite wa Kisangani ameuliza boti ya chumvi itarudi lini. Waziri amesema atajibu. C'est tout.

— Ni hayo tu?

— Mistari mbili. Alors mi nikaongeza: alipiga meza. Mutu hawezi kuuliza chumvi na mikono mufukoni.

— Mi nikaongeza alimuambia waziri, "Usipojibu, serikali inaanguka," Kasongo alisema.

— Na villa?

Constant na Kasongo walimgeukia fundi.

— Mi, Amuri alisema. Chumvi haikukuja. Mukaniuliza: mutu amepiga meza, ametisha waziri, na chumvi haiko, sababu gani? Nikasema labda bamemupa nyumba, anyamaze.

— Ulisema labda?

— Nilisema labda.

— Hiyo labda ilikufa siku ile ile, mama, Constant alisema. Hata kuzikwa haikuzikwa.

— Mi bado niko na swali, Kasongo alisema. Mutu anakaa bunge miaka mitatu, na jina lake gazetini ni mara moja. Anapita wapi? Donc ile villa iko na njia chini ya udongo, mpaka ndani ya bunge. Anatokea, anapiga kura, anarudi kula.

— Ndiyo maana bunge ilifungwa! Constant alisema. Waliogopa madepite wote watapita chini, na viti vitabaki peke yake.

— Mulizaliwa na vichwa gani? Mwanahamisi aliuliza.

— Lisemwalo lipo, Kasongo alimjibu. Na kama halipo, linakuja.

Kilichokuja ni mwanamke mwenye viatu vya vumbi, kitabu kimebanwa kwapani. Ni Adèle, mke wa depite, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa ametembea kutoka Tshopo. Wanaume walisimama.

— Mama Adèle, pole sana, Amuri alisema. Kaa.

— Asante, papa Amuri. Sikai. Bameniambia nilete anwani ya nyumba ya kule Leo kabla ya saa sita mchana. Nikileta, nyumba inachukuliwa na yeye anafungwa. Nisipoleta, ni musaliti anayeficha mali. Bale wasaliti waliopelekwa kwa mto juzi hawakurudi.

Adèle alihamishia kitabu kwapa la pili.

— Nilimuambia afisa hatuna nyumba. Alicheka. Alisema Kabondo yote inaijua, hata yeye aliisikia hapa akinywa kahawa. Ndiyo nimekuja. Iko avenue gani?

Constant aliangalia mnyororo wa baiskeli aliokuwa ameushika. Kasongo alikohoa.

— Leo ni muji mukubwa, mama.

— Ninajua ukubwa wake. Tulikaa kule miaka mitatu, chumba kimoja cha kupanga, choo nje. Kama mume wangu alinificha nyumba, mi nataka kuijua kuliko bale waasi. Avenue gani, tonton Kasongo? Munaijua vyumba mpaka piscine.

Alifungua kitabu. Kilikuwa chapa ya majadiliano ya bunge, na kurasa tatu zilikuwa zimekunjwa pembe.

— Miaka yote, jina lake ni mara tatu. Hapa anauliza boti ya chumvi. Hapa anaomba dawa za dispensaire ya ng'ambo ya mto. Hapa madepite hawakutimia hesabu ya kikao, anaomba wale wachache waliofika wabaki, wafanye kazi. Wakatoka. Nimewaonyesha hii. Wamesema karatasi ya wakubwa inaandikwa na wakubwa. Wanaamini benchi.

— Tumupe anwani yoyote, Constant alisema. Leo iko mbali, nani atakwenda kuangalia?

— Halafu nitakuwa nimekubali kwamba aliuza, Adèle alisema.

— Basi tuseme tulisikia kwa mutu wa boti.

— Mutu gani? Mwanahamisi aliuliza.

— Mutu mumoja... alikufa.

— Radio, umemuua tayari? Hata jina hajapata, Kasongo alisema.

— Semeni ukweli tu, Mwanahamisi alisema.

Kasongo alitikisa kichwa.

— Mi nilibeba karatasi za mahakama miaka kumi na mbili. Shahidi akisema "nilidanganya," hawamuachi aende nyumbani. Wanamuuliza nani alimutuma. Na hawa hawana hata mahakama.

Ilikuwa kweli, na kila mmoja pale alijua ni kweli. Adèle alifunga kitabu. Hakuwalilia wala hakuwatukana. Alimgeukia Amuri kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuwa amesema neno tangu ampe pole.

— Papa, jua linapanda.

Amuri aliweka mkasi mezani, akavua utepe wa kupimia shingoni, akachukua kofia yake msumarini.

— Unaenda wapi? Kasongo alimuuliza.

— Kusema nyumba haiko.

— Na wakiuliza sababu gani ulisema iko?

Amuri alivaa kofia.

— Nitasema chumvi haikukuja, na mi nilitaka kuwe na mutu wa kulaumu.

— Ongeza basi ulikuwa mugonjwa. Ongeza ulikuwa na homa.

— Juge, siongezi.

— Tukusindikize? Constant aliuliza, akiwa ameketi tena.

— Tonton Constant, Adèle alisema, mutu mumoja anatosha kama ni yeye aliyesema.

Waliondoka wawili, mwanamke mbele. Saa tano na dakika ishirini, Amuri aliandikisha jina lake kwa mlinzi wa ofisi ya waasi: kazi, fundi wa kushona, sababu ya kuja, ushahidi. Aliingia peke yake. Adèle aliambiwa asubiri upande wa pili wa barabara. Saa sita ilipita, Amuri hajatoka. Saa kumi jioni mlinzi alitoka, akamwambia ofisi imefungwa, arudi kesho.