Mimba Tumboni, Daktari Shingoni

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa limebeba watu watatu na vikombe vitatu vya kahawa. Katikati alikaa Fundi Saa, mtu anayezielewa saa kuliko anavyowaelewa binadamu. Siku nne nyuma mimba ya mkewe ilikuwa imeharibika, ya tatu mfululizo. Daktari akampima damu, akampapasa shingo, akasema kinga ya mwili wake inaishambulia tezi ya shingoni, na tezi ikizembea, mwili hupoa na kuchoka, mimba nayo hutetereka. Akaandika vidonge vya kila asubuhi. Vidonge Fundi alikuwa navyo mfukoni. Alikuwa hajampa mkewe bado.

— Mimba iko tumboni, daktari anashika shingo, alisema Breki, dereva mstaafu wa lori. Gari lina pancha, fundi anafungua redio.

— Wahenga walisema mficha uchi hazai, akadakia Ushahidi, aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Hawakusema mficha shingo.

— Daktari anasema mwili unajipiga wenyewe, alisema Fundi.

— Sasa hapo mlalamikaji nani, mshtakiwa nani?

Breki akasogea karibu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Nani anampikia shemeji?

— Dada yangu.

— Mimba zote tatu?

— Mbili za mwisho.

— Basi ile ya kwanza alikuwa anajifunza.

Fundi hakucheka. Dada yake ndiye aliyefua mashuka ya siku ile bila kumwita mtu. Hata hivyo neno lilishamwingia, kama mchanga ndani ya saa.

— Mimi namshuku daktari, alisema Ushahidi. Alitoa damu chupa ngapi?

— Tatu.

— Mimba tatu, chupa tatu. Kuna mtu anakusanya.

— Au shemeji mwenyewe, Breki akashusha sauti. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku hizi anaongea?

— Kidogo. Analala tu.

— Umeona sasa.

Mshonaji aliyehamia mtaani wiki ile alikuwa amesimama hapo, akimsubiri Fundi amtazamie saa yake.

— Samahanini, alisema. Mwenyewe anasema anajisikiaje?

 



Fundi alilitafuta jibu. Alijua saa ya nani mtaani inachelewa, na kwa dakika ngapi. Hili hakulijua, maana hakuwahi kuliuliza. Akainuka, akamwomba mshonaji radhi, akaenda nyumbani.

Mkewe alikuwa mlangoni, juani, amejitanda khanga mbili na sweta. Fundi akampa vidonge na maji, akangoja ameze, kisha akakaa chini kando yake.

— Unajisikiaje?

Mkewe alimtazama kama anayepima iwapo ni mtego.

— Nasikia baridi, alisema. Tangu ile mimba ya kwanza. Nilidhani ukijua utasema nadeka.