Tumbo la Chevrolet ya Eusebio

Ndani ya basi la barabara ya Whittier, Los Angeles, nilijifanya nasinzia. Kijana mwenye grisi kwenye kucha alimwonyesha mzee aliyeketi kando yake picha ya Chevrolet aliyoachiwa na baba yake, Eusebio. "Naishusha kwa pampu mpaka tumbo lilambe lami. Baba alitia mifuko ya saruji kwenye buti tu, uzito uishushe kidogo. Mwoga."

"Jumapili alimpeleka nani kanisani?"

"Bibi, mama yake. Magoti yake yalikuwa yamekwisha."

"Basi aliishusha mpaka pale mama yake angeweza kunyanyuka kitini, mwanangu."

Kijana aliitazama tena picha. Basi likasimama, likainama upande wa mlango, kikongwe akashuka na fimbo yake.

"Basi hili nalo lina pampu, mzee," kijana alisema.

"Pampu haikumwona yule mama. Dereva ndiye aliyemwona."