Mama Noémie, Mkwe Wake na Betrave za Shamba la Chini

Tarehe 31 Mei 1956 Mama Noémie Mwila anastaafu, baada ya miaka ishirini na minne ya kufundisha bustani za nyumbani katika foyer yetu, nyumba ya mafunzo ya wanawake wa kambi ya reli hapa Kamina. Iangalieni vizuri tarehe hiyo. Kesho yake ni mwezi wa sita, na kila anayeishi kwenye uwanda huu anajua mwezi wa sita huja na nini. Anatuaga siku moja kabla ya baridi kuanza, na sisi tunaobaki tumemwambia usoni kwamba hiyo si bahati, ni ujanja.

Alizaliwa Mulongo, kando ya Lualaba, ambako watu wanajua samaki, muhogo na joto. Alikuja Kamina akiwa ameolewa na Bwana Lazare, mchochea moto wa treni. Baridi yake ya kwanza huku, alitoka asubuhi akakuta nyasi za bondeni zimekuwa nyeupe, akauliza majirani ni nani amemwaga unga wa muhogo mwingi hivyo bila huruma. Alipoishika ile barafu ikamyeyukia mkononi, alirudi ndani akamwambia mumewe wafunge mizigo. Bwana Lazare alimwomba avumilie mpaka jua litoke. Jua lilitoka, na mama akabaki, lakini tangu siku ile aliichukulia baridi kama mtu aliyemkosea.

Foyer ilipofunguliwa, Madame mkurugenzi wa wakati ule alitafuta mwanamke wa kuwaonyesha wenzake namna ya kulima mboga nyuma ya nyumba. Mama Noémie alijitokeza kabla hajaulizwa. Unyenyekevu haukuwa kipaji chake, wala hajawahi kujifanya anao. Alisema anajua mboga zote. Madame akamkabidhi pakiti ya mbegu za betrave, kile kiazi chekundu cha Wazungu, ambacho mama hakuwahi kukiona maishani, naye akaipokea kama mtu anayepokea chumvi.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Alipanda katikati ya masika, mbegu zikaoza. Akapanda tena, na kila shimo aliloweka mbegu moja likatoa miche mitatu au minne, akawashuku jirani zake kwamba wanamwongezea mbegu kwa siri ili wamharibie mstari. Baadaye alielewa kwamba mbegu ya betrave ni kifungu cha mbegu kadhaa zilizoshikana, na kwamba lazima kupunguza miche ubaki mmoja. Majirani aliwaomba radhi, lakini si wote.

Kisha lilikuja jambo la majani. Sisi huku mboga ni majani: sombe, matembele, lengalenga. Mwanamke wa Kamina akiona jani laini, mkono unakwenda wenyewe. Wanafunzi wa Mama Noémie waliyachuma majani ya betrave yote, wakayapika kwa karanga, wakamshukuru sana kwa mboga tamu. Siku ya kuvuna, chini ya ardhi kulikuwa na vitu vyembamba kama mikia ya panya. Hapo ndipo ilipozaliwa amri yake ambayo kila msichana aliyepita foyer anaijua: chuma jani la nje, moyo uache.

Na walipokwisha kupata betrave nene, wakapika, wakawalisha waume zao, ikazuka hofu kubwa kuliko zote. Asubuhi yake ukumbi wa zahanati ulijaa wanaume wenye nyuso za msiba. Wengi walikuwa watu wa Kinkondja na maziwa ya kule, ambako kukojoa damu ni ugonjwa unaojulikana, na kila mmoja alikuwa ameona wekundu chooni. Muuguzi Gamaliel alipaswa kuwatuliza. Alishindwa, kwa sababu naye alikula betrave jana yake na alikuwa amekwisha kuanza kujiandalia dawa. Mama Noémie ndiye aliyekuja akawaeleza kwamba ni rangi tu ya chakula. Kwa muda mrefu baadaye wanaume wa kambi waliiita betrave “mboga ya kutisha”, huku wakiomba waongezewe.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa dhidi ya ile baridi. Mwezi wa sita na wa saba, lengalenga inaungua, nyanya zinakuwa nyeusi, matembele yanalala chini, na watoto wanakula bukari, ugali wetu, kwa chumvi. Mama Noémie aliona kwamba betrave haiogopi. Majani yake yanaweza kuungua, lakini kiazi kikiwa ndani ya udongo kinakaa kizima, tena kinazidi utamu. Akatengeneza njia yake. Panda mvua zinapoelekea kwisha, ili viazi vinenepe kabla ya baridi. Inua matuta. Tia majivu ya jikoni. Baridi ikikaribia, pandishia udongo mabega ya kiazi, kisha funika tuta zima kwa nyasi kavu. Asubuhi, kabla jua halijapiga, pita na kopo la maji uioshe barafu kwenye majani yaliyochungulia nje. Hiyo ya mwisho aliifanya mwenyewe kila alfajiri ya baridi, miaka yote hii, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuamka.

Mahali pa kazi hiyo palikuwa shamba la chini, karibu na kijito, ambako maji hayakauki wakati wa kiangazi. Yeye na wajane wa kambi walilifyeka kwa mikono yao. Ndilo lililowalisha watoto wao miezi ile ya njaa ya mboga. Mwaka 1948 nusura tulipoteze, na sababu yake ilikuwa adabu njema.

Binti yake Abigaïl alikuwa ameolewa na Bwana Manassé Kalenga, karani wa kambi, kijana msomi wa kanisa la Wamethodisti, mwenye tai na kofia. Usomi wake wote haukumfanya asahau heshima ya ukwe, ile tunayoiita buko kwa Kiluba. Humtazami mama mkwe usoni, husemi naye, huli mbele yake. Akitokea njiani, wewe ndiye unayeingia majanini. Bwana Manassé aliishika desturi hiyo kwa bidii iliyompatia sifa mbele ya wazee na iliyomchosha sana mkewe.

Mwaka huo mkuu mpya wa kambi alitaka udongo wa kufyatua matofali, na udongo mzuri uko kando ya kijito. Hakuwa mtu mbaya. Alimtuma karani wake apite amwambie ni mashamba gani yamelala bure. Bwana Manassé akashuka. Alipofika juu ya shamba la chini alimwona mama mkwe wake ameinama katikati ya matuta. Mara moja akageuza uso, akavuta kofia, akaacha njia, akapita kwenye matete akatumbukia matopeni mpaka magotini. Alichowahi kuona kwa ule mtazamo mmoja ni nyasi kavu zilizotandazwa. Basi alirudi akasema kweli tupu kwa kadiri ya macho yake: shamba la chini ni nyasi.

Jumatatu wafyatua matofali wakaja na majembe na sepetu. Wanawake wakakimbia kuita. Mama Noémie akafika, wajane nyuma yake, mimi pia nikiwa nimeacha cherehani na nguo ya mtu. Mkuu wa kambi alikuwapo; Kiswahili chake kilikuwa bado hakijavuka “jambo”, kwa hiyo alikuja na mkalimani. Mkalimani alikuwa Bwana Manassé.

Mkuu akauliza kwa Kifaransa shamba hili lina nini. Bwana Manassé, amewapa mgongo wanawake wote, akalitafsiri swali akiwa anauelekea mlima. Mama Noémie akafunga mdomo. Angejibu, angekuwa amesema na mkwe wake mbele ya kambi nzima. Wajane wakaanza kulia kimyakimya. Mkuu alichukulia ule ukimya kuwa ndilo jibu, akainua mkono kuwaruhusu wachimbaji.

Ndipo mama alipoliweka kopo lake la kumwagilia chini, katikati yake na mkwe wake, akalikaripia kopo kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni:

“Weye arrosoir, sikia! Ambia mukubwa: betrave iko pale chini ya majani, njo tuliifunika juu ya baridi. Haiyakufa! Afunue yeye mwenyewe, aone na macho yake. Batoto ya hawa bamama bakikosa hii, batakula nini?”

Kopo halikujibu. Lakini Bwana Manassé, bado anatazama mlima, alitafsiri kila neno. Akaendelea kutafsiri na ambayo hayakusemwa: kwamba baridi huizidishia utamu, kwamba hakuna mboga nyingine kambini mpaka mvua, na kwamba aliyesema ni nyasi tupu alikuwa hakusogea karibu, naye anamfahamu mtu huyo. Mkuu aliinama, akasukuma nyasi, akang'oa betrave kubwa kuliko ngumi yake. Akacheka. Wafyatua matofali wakahamishiwa ng'ambo ya kijito, na shamba la chini halijaguswa tena na mtu yeyote asiyekuwa na mbegu mkononi.

Wiki iliyofuata Bwana Manassé alipeleka kuku na kitenge, kama desturi inavyotaka mtu anapoomba kufunguliwa ukwe. Mama Noémie alimpikia, akamkaribisha mezani, akaketi mbele yake. Walianza kusalimiana kama watu wengine. Abigaïl alilia kwa furaha, maana alikuwa amechoka kuwa barua kati ya mama na mume. Kuhusu chakula chenyewe, karani wetu ametukiria kwamba betrave haipendi hata leo. Anaila kwa heshima, na hatuoni heshima iliyo kubwa kuliko hiyo.

Siku hizi ukitembea kambini mwezi wa saba, utaona matuta yaliyofunikwa nyasi nyuma ya nyumba za Wakatoliki na za Wamethodisti, za mafundi na za makarani. Mama Noémie alitufokea sana. Aliwahi kung'oa bustani yangu mimi mwenyewe akisema mistari imelewa. Ni mtu wa kujisifu, ni mtu wa neno la mwisho, na tunampenda kwa moyo wote. Anarudi Mulongo na Bwana Lazare, kwenye joto lao.

Mama, asante. Asante kwa watoto waliokula, na kwa wajane waliopata pa kusimama. Umeuliza mara ngapi sijui ni nani ataamka alfajiri baada yako. Jana wanawake wa shamba la chini walikwenda kukata nyasi kavu bila kuambiwa na mtu, wakapangiana zamu ya kopo, na aliyelala siku yake wamekwisha kumwandalia maneno yako yaleyale. Basi usishtuke tena kukipambazuka. Vuta blanketi, geukia upande wa pili, ulale mpaka jua lipande juu kabisa. Mungu akupe siku nyingi za namna hiyo.

Élisa Kabongo,
mwalimu wa ushonaji, kwa niaba ya wanawake wa foyer