Bibi Majivu na Bustani Isiyopigwa Zege

Ndugu waombolezaji, haya ninayosoma sikuhadithiwa na mtu, nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, hata siku anazaliwa nilikuwepo, na anayetaka kuuliza mjukuu aliona vipi bibi yake akizaliwa, anyamaze kwanza, msiba hauna maswali.

Marehemu, bibi yangu mzaa mama, ambaye mimi mjukuu wake wa kwanza nilimwita mke wangu na mtaa mzima ukamwita Bibi Majivu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, mvua ikimwagika, mtoto wa tano wa mchonga mipini ya majembe, na alipotoka hakulia, alichungulia dirishani kuona kama kuna kitu kimepandwa.

Alianza shule Januari 1955, akaishia darasa la nne Novemba 1958, darasa lile lile nililoishia mimi, kwa hiyo kisomo kwetu kiko kwenye damu, na kilichomtoa ni kopo la nyungunyungu alilolihifadhi kwenye kabati la mwalimu mkuu, maana ndiko kulikokuwa na kivuli.

Tarehe 12 Agosti 1967 aliolewa na babu yangu, dereva wa lori, ambaye alipouliza alete nini akaambiwa kitanda hatutaki, lete samadi, akaleta lori zima, majirani wakaziba pua wiki tatu, lakini msimu ule lilitoka boga ambalo tulilitoboa mlango, kuku kumi na saba wakalala humo na jogoo akawa na chumba chake.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa kwenye dobi la hospitali, akafua shuka mpaka tarehe 30 Juni 2002, na katika ndoa yake alijaliwa watoto wawili, mjomba wangu fundi ujenzi, huyu anayeniangalia kwa jicho kali, na mama yangu, mpishi wa shule.

Kazini alifua, lakini maisha yake yalikuwa nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya hatua kumi na mbili kwa tisa, ambako alitufundisha kwamba samadi inalazwa udongoni wiki tatu kabla ya mvua, mchicha wa masika unapandwa kwenye tuta la juu usioze miguu, kiangazi udongo unafunikwa nyasi kavu na maji yanamwagwa asubuhi, anayemwagilia saa saba mchana anachemsha mboga shambani, na vidukari wakivamia kabichi wanapakwa majivu, ndiyo maana hakutoka nje bila kopo lake la majivu, hata kanisani.

Mwaka 1988 konokono walishuka kama jeshi, naapa walikuwa wanabisha hodi, na jirani yetu fundi viatu, akidhani anasaidia, akawamwagia chumvi debe zima bibi akiwa kazini, konokono wakafa, na tuta nalo likafa, hata magugu yakagoma kuota, bibi akautoa ule udongo kwa karai siku arobaini, kisha akarudi kutoka kazini na chura ndani ya mkoba, mkubwa kama sufuria ya wali.

Fundi viatu akapiga kelele, we mama, umeanza kufuga uchawi, naye akamjibu bila kusimama, huyu mchawi anakula konokono thelathini kwa siku, wewe tangu uhamie hapa umekula nini cha maana, na kuanzia hapo chura haguswi, kinyonga haguswi, buibui haguswi, anayewaogopa apite barabarani.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2024, akalazwa tarehe 2 Juni 2025, na Ijumaa ya tarehe 13 nilikuwa peke yangu kando ya kitanda, akanishika mkono akasema kwa sauti iliyotikisa madirisha, mume wangu, mwambie mjomba wako bustani yangu haipigwi zege, kesho yake saa kumi na moja alfajiri akatutoka, akiwa na miaka 78, na Jumapili, mama yake hata hajaoshwa, mjomba akaja na futi kuipima bustani apate pa kuegesha lori lake, mjomba, shikamoo, lakini jibu umeshalisikia.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, wenzake wa dobi waliomtandikia shuka walizozipiga pasi wenyewe, na majirani wote, akiwemo fundi viatu, ambaye siku hizi amepanda nyanya na anakuja kuazima chura.

Nimalizie na jambo moja, maana jeneza liko mbele yangu na mke wangu hakupenda uongo usio na faida, ile Ijumaa hakusema neno, sauti ilikuwa imekwisha tangu Jumatano, maneno ya zege niliyatunga mimi, alichofanya ni kuugeuza mkono wangu, akazitazama kucha, akaziona safi, hazina hata chembe ya udongo, akageukia ukutani.

Leo asubuhi nimemwagilia, mjomba, kucha zangu hizi hapa, njoo uzione, na hilo zege lako ukilimwaga utalimwaga juu yangu.

Lala kwa amani, mke wangu, wewe na udongo mnajuana.